Orodha ya Watu Mia na Kumi na Wawili

Mwalimu Kamaria alikuwa katika mwaka wake wa nne wa kufundisha watu wazima kusoma na kuandika katika kijiji cha Chamkwaju, upande wa bara ya Malindi. Kwao ni Shela, mtaa wa kale mjini Malindi, na kila siku baada ya sala ya adhuhuri alipanda bodaboda akaenda mwendo wa dakika arubaini, chaki zake zikiwa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Vitabu vya kusomea vilikuwa vimekwisha zamani. Alipoandika kuomba vingine hakujibiwa, basi akachukua nakala kumi za Katiba alizowahi kupewa kwenye semina ya elimu ya uraia, akaanza kuwasomesha wanafunzi wake kwa hizo. Watu walicheka mwanzoni. Mwisho wa mwaka ule wanafunzi wake walikuwa wakilitamka neno "mamlaka" vizuri kuliko madiwani wa zamani.

Wanafunzi wenyewe walikuwa kumi na sita. Mkubwa wao alikuwa mzee Mwambire, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, aliyejiunga na darasa baada ya kufiwa na mkewe kwa sababu, alivyosema mwenyewe, nyumba ilikuwa imezidi kimya. Aliyetangulia wote kwa bidii alikuwa Mapenzi, mwanamke wa miaka arubaini na kitu, msukaji wa makuti, mwenye vidole vigumu na sauti iliyofika mbali. Hakuwa na subira na mtu yeyote, hata na herufi. Akikosea alifuta kwa kiganja na kuanza upya huku akinung'unika.

Jumatano moja ya mwezi wa Aprili, Mapenzi alichelewa. Alipoingia darasani hakukaa.

"Mwalimu, bomba limetiwa kufuli."

"Kufuli gani tena?"

"Kufuli jipya. Na kuna karatasi imebandikwa. Nimeisoma mwenyewe." Akasimama wima kama mtu anayesoma risala. "Kamati mpya ya maji inawatangazia wakazi kuwa kioski kitafunguliwa saa nne hadi saa sita mchana. Sahihi, Kiponda, mwenyekiti."

Darasa zima likaguna. Kisima cha kijiji, chenye pampu ya sola, kilichimbwa miaka mitatu nyuma, na tangu siku hiyo kioski chake cha kuchotea maji kilifunguliwa asubuhi na jioni. Saa nne hadi saa sita ndio wakati kila mwanamke wa Chamkwaju yuko shambani au kwenye minazi. Na jambo la pili, ambalo halikuandikwa kwenye karatasi, lilijulikana kabla jua halijatua: bomba jipya jeusi lilikuwa limefukiwa kutoka kwenye tangi hadi shamba la matikiti la Kiponda. Wakati watu walipozuiliwa maji, matikiti yalikuwa yakinywa.

Siku ya pili yake Mapenzi alimwendea Kiponda nyumbani kwake na kumwuliza nani aliyemchagua.

"Nyinyi," Kiponda alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Tarehe kumi na moja mwezi wa tatu, uwanjani pa shule. Mlinichagua bila mpinzani. Kama umesahau, nenda ofisi ya wadi ukaulize."

Mapenzi akaenda. Mwalimu Kamaria akafuatana naye, maana aliona akimwacha aende peke yake huenda meza ya mtu ingepinduliwa. Msimamizi wa wadi aliitwa Ngowa, mtu wa suti na manukato, ambaye dada yake ameolewa na Kiponda. Aliwapokea vizuri, akawaagizia viti, akawasikiliza hadi mwisho.

"Uchaguzi ulifanyika," akasema. "Kumbukumbu za mkutano ninazo, na orodha ya waliohudhuria ninayo. Watu mia na kumi na wawili."

"Tuoneshe," Mapenzi akasema.

"Hizo ni nyaraka za serikali, mama. Si za kuoneshwa kila apitaye."

Mwalimu Kamaria akavuta kiti mbele. Akafungua mkoba, akatoa ile Katiba yake iliyochakaa, akaiweka mezani bila kuifungua.

"Kifungu cha thelathini na tano," akasema kwa upole. "Kila mwananchi ana haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Na sheria iliyofuata imetoa siku ishirini na moja. Tutakuandikia, bwana Ngowa."

Ngowa akatabasamu. "Andikeni tu."

Barua ile haikuandikwa na mwalimu. Angeweza kuimaliza kwa nusu saa akiwa kwake Shela, lakini aliona kwamba ikiwa mwandiko wake, ingekuwa barua ya mwalimu kutoka mjini. Kwa hiyo aliifanya somo. Siku mbili darasa halikufanya kitu kingine. Walibishana kama waandike "tunaomba" au "tunataka". Mapenzi alishikilia "tunataka", mzee Mwambire akasema mtu hapotezi kitu kwa adabu, na hatimaye wakaandika "tunaomba kwa mujibu wa sheria", na kila mmoja akaridhika. Kisha wote kumi na sita wakatia sahihi. Mzee Mwambire peke yake alichukua robo saa. Aliandika M, akapumzika, akaandika w, akapumzika.

Nje ya dirisha Mangi, fundi wa baiskeli, alikuwa amesimama akiwatazama. Mangi alikuwa kijana wa miaka thelathini na tano, mpole, aliyependwa na watu kwa sababu mara mbili pampu ya kisima ilipoharibika ni yeye aliyeshuka na kuitengeneza.

"Njoo utie sahihi na wewe," Mapenzi akamwita.

Mangi akatikisa kichwa. "Mimi sijawahi kuona karatasi ikifungua bomba, dada Mapenzi. Ukitaka nilete msumeno nikate lile kufuli, niambie."

"Ukikata kesho watatia jingine."

"Na mimi nitakata jingine."

Akaenda zake. Mapenzi alimtazama hadi akapotea njiani, na uso wake ulionesha wazi kwamba jambo hilo ameliweka moyoni.

Barua waliipeleka makao ya kaunti ndogo, ambako barua za wadi husajiliwa, pamoja na nakala. Karani wa masjala, mtu wa Ukambani aitwaye Mutuku, aliisoma yote, kisha akawatazama wale wanafunzi watatu waliofuatana na mwalimu.

"Nani ameandika?"

"Sisi," Mapenzi akajibu.

Mutuku akasoma tena. Akachukua muhuri, akaupiga kwenye barua, akaupiga kwenye nakala, akaandika tarehe na saa, akatia jina lake kamili. "Hii nakala msiipoteze," akasema. "Siku zinahesabiwa kuanzia leo. Na mimi nimeiandika kwenye daftari, haiwezi kusemwa haikufika."

Siku ya tisa, Ngowa alikuja darasani. Hakugonga. Alisimama karibu na ubao, akawasalimu watu, akamwomba mwalimu watoke nje kidogo. Walisimama kwenye kivuli cha ukuta wa choo.

"Mwalimu, wewe ni mtu wa mjini, mtu wa heshima," akamwambia. "Kandarasi yako ya kufundisha hapa inaandikwa upya mwezi wa sita. Mimi ndiye ninayepeleka ripoti kwamba darasa lina manufaa. Unanielewa?"

Kamaria alimwelewa. Kwao alikuwa na mama mgonjwa, na kazi nyingine ya kufundisha haikuwa ya kuokota njiani. Lakini alipogeuza macho aliona nyuso kumi na sita dirishani, zote zimewatazama wao, na Mapenzi akiwa mbele amekunja mikono.

"Nakuelewa vizuri," akasema. "Basi ukiandika ripoti yako, bwana Ngowa, useme ukweli, kwamba hawa watu wamejua kuandika barua."

Akarudi darasani. Chaki ikamkatikia mara mbili, lakini sauti ilikuwa ile ile.

Siku ya ishirini na moja, saa tisa alasiri, tarishi wa wadi alileta bahasha. Ndani mlikuwa na kurasa saba: mbili za kumbukumbu za mkutano, tano za orodha ya waliohudhuria, kila jina na sahihi mbele yake. Baadaye walikuja kujua kwamba Mutuku alipiga simu wadini mara tatu kuulizia jibu liko wapi, na kila simu akaiandika kwenye daftari lake.

Mwalimu Kamaria hakuwasomea. Alizigawa zile kurasa tano za majina, moja kwa kila dawati, akasema, "Tafuteni majina yenu, kisha mpokezane kurasa."

Kwa muda ikasikika sauti ya vidole vikitembea juu ya karatasi na midomo ikinong'ona herufi.

"Mimi huyu hapa!" akapiga kelele Ngumbao, mchimba mawe, aliyekuwa akiandika kwa mkono wa kushoto na herufi zake zote zililalia nyuma. "Lakini hebu tazameni sahihi hii. Imelalia mbele kama mtu anayekimbia mvua."

"Na mimi nipo," Mapenzi akasema. Akainua karatasi karibu na uso. Mbele ya jina lake palikuwa na sahihi nzuri ya kuzungushwazungushwa, ya mtu aliyekaa shule miaka kumi na miwili. "Mwalimu, kama ningeweza kuandika hivi ningekuwa nafanya nini kwako?"

Wakacheka. Kumi na mmoja kati yao walikuwemo kwenye orodha, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amehudhuria mkutano wowote tarehe kumi na moja mwezi wa tatu. Vicheko viliendelea hadi mtu mmoja akatambua kwamba mzee Mwambire hacheki pamoja nao.

Alikuwa ameweka kidole juu ya ukurasa wa nne, na kidole hakikusogea.

"Baba, umejiona?" Kamaria akamwuliza, akiinama karibu naye.

"Mimi nipo ukurasa wa pili. Huyu si mimi." Akasoma polepole, herufi moja moja, kama alivyofundishwa. "Da. Ma. Dama. Dama wa Mwambire." Akatazama mwanzo wa mstari. "Namba themanini na saba. Ni mke wangu, mwalimu."

Dama alikuwa amezikwa miaka miwili iliyopita, na nusu ya waliokuwa mle ndani walikuwepo mazishini.

"Sijawahi kusoma jina lake," mzee akasema. "Alipokufa nilikuwa sijui kusoma. Hii ndiyo mara ya kwanza." Akakitazama kile kidole chake, kisha akakiondoa. "Wamemfufua aje kumpigia kura Kiponda."

Mapenzi alisimama. Wote walitarajia atapiga kelele. Badala yake alizunguka dawati, akakaa kando ya mzee, bega kwa bega.

Safari hii hawakubishana juu ya maneno. Waliandika malalamiko kwa kamati ya bunge la kaunti inayoshughulikia utawala wa wadi. Wakaambatanisha kurasa zote saba pamoja na nakala yenye muhuri wa Mutuku. Mwezi mmoja baadaye wakaitwa kujieleza, katika ukumbi mmoja mjini Malindi, siku ya Alhamisi saa nne asubuhi.

Walikwenda wote kumi na mmoja waliokuwemo kwenye orodha, pamoja na mwalimu, kwa pikapu ya kanisa, wamevaa nguo za sikukuu. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mheshimiwa Ruwaida, mwanamke wa makamo mwenye miwani, aliyezungumza polepole na hakupenda kukatizwa. Ngowa na Kiponda walikaa upande wa pili wa meza. Ngowa alikuwa amekuja na faili nene na alionekana hana wasiwasi.

"Mheshimiwa," alisema ilipofika zamu yake, "hawa ni watu wa ngumbaru. Wengi wao hawawezi kutia sahihi, na kwenye mikutano husaidiwa na karani. Ndiyo maana sahihi zinafanana. Hapakuwa na nia mbaya."

"Karani gani aliyewasaidia?" mheshimiwa Ruwaida akauliza.

"Nitalazimika kuangalia kumbukumbu."

"Umekuja na faili. Angalia."

Ngowa akafungua faili, akapekua mbele, akapekua nyuma. Jina la karani halikuwemo.

Mwalimu Kamaria akainua mkono. Hii ilikuwa kazi anayoijua kuliko kazi nyingine yoyote duniani.

"Mheshimiwa, naomba karatasi kumi na moja na kalamu, na dakika kumi. Wanafunzi wangu waandike majina yao mbele yenu."

Karatasi zikaletwa. Watu kumi na mmoja wakainamia meza ile ndefu ya mbao nyekundu, na ukumbi mzima ukawasubiri. Ngumbao akaandika kwa mkono wake wa kushoto, herufi zikalala nyuma. Mapenzi akakosea, akafuta kwa kiganja kwa mazoea, akaipaka wino karatasi na mkono, akaandika tena chini yake kwa hasira, herufi kubwa kama za tangazo la duka. Mzee Mwambire alikuwa wa mwisho. Dakika kumi zilipita, zikafika kumi na tano, na hakuna aliyemharakisha. Mheshimiwa mmoja kijana alianza kutazama saa yake, na Ruwaida akamtazama yeye mpaka akaushusha mkono.

Karatasi zikawekwa pembeni ya orodha ya Ngowa. Hata mtoto angeona. Hakuna iliyolingana.

"Mzee," Ruwaida akasema, "naona umeandika majina mawili."

Mwambire akasimama, akashika ukingo wa meza. "Ndiyo, mheshimiwa. La kwanza ni langu. La pili ni la mke wangu, namba themanini na saba kwenye orodha yao. Yeye hakuweza kuja kuandika, nimemwandikia mimi. Nilimzika kwa mikono yangu, mwaka wa juzi. Sasa hawa wanasema alikuwepo mkutanoni. Kama alikuwepo, naomba bwana Ngowa aniambie alikaa upande gani, nami niende nikamtafute."

Hakuna aliyecheka. Kiponda alikuwa ameinamisha kichwa. Ngowa akasema kwa sauti ya chini kwamba majina yalinakiliwa kutoka kwenye orodha ya zamani ya chakula cha msaada, ya wakati wa ukame, na kwamba kulikuwa na haraka ya kuunda kamati kabla ya mwisho wa robo mwaka.

"Haraka ya nani?" Ruwaida akauliza. Ngowa akalifunga faili lake.

Uamuzi ulitoka wiki mbili baadaye. Kamati ya Kiponda ilifutwa, bomba la matikiti likaamriwa likatwe, Ngowa akasimamishwa kazi uchunguzi uendelee, na uchaguzi mpya ukapangwa ndani ya siku thelathini, chini ya msimamizi kutoka wadi nyingine. Kandarasi ya Kamaria iliandikwa upya na mtu ambaye hakuwahi kukutana naye.

Msimamizi aliyeletwa aliitwa Priscilla. Alipofika alipendekeza watu wapige mlolongo, kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka, wahesabiwe, mambo yaishe mapema.

"La," Mapenzi akasema. "Wapo wanaolima kwa Kiponda kama vibarua. Wapo wanawake ambao waume zao wamekwisha waambia wasimame wapi. Tunataka kura ya siri. Majina tunajua kuyasoma, na asiyejua tutatia picha."

Ikawa kura ya siri. Mapenzi mwenyewe alijitokeza kugombea uenyekiti, na katika darasa hapakuwa na aliyekuwa na shaka kwamba atashinda. Kiponda naye akajitokeza tena, akisema ana haki kama mtu mwingine yeyote, na kwa hilo mwalimu Kamaria aliwaambia watu kwamba hakukosea. Siku mbili kabla ya uchaguzi akajitokeza mtu wa tatu: Mangi, fundi wa baiskeli.

"Wewe!" Mapenzi akamwambia alipomkuta kwenye kibanda chake, mikono imejaa grisi. "Barua ulikataa kutia sahihi. Malindi hukwenda. Leo unataka uenyekiti?"

"Nataka bomba litoke maji," Mangi akajibu. "Pampu ile ina kasoro, dada. Ikifa mwezi ujao, utaitengeneza kwa Katiba?"

Siku ya kura, Jumamosi, watu walianza kujipanga saa moja asubuhi. Sanduku lilikuwa mtungi mkubwa wa plastiki unaoonesha ndani, ili kila mtu aone kwamba ni mtupu kabla ya kuanza. Wanafunzi wa darasa la watu wazima ndio waliokaa mezani wakisoma majina kwenye daftari la wakazi. Mzee Mwambire alipewa kazi ya kumwuliza kila mtu jina lake, kulitafuta na kulipigia mstari, na aliifanya taratibu hivi kwamba foleni ilizunguka shule, lakini hakukosea hata jina moja. Daftari lilikuwa la watu wazima mia mbili thelathini na mmoja. Walipiga kura mia mbili na wanne.

Saa nane mchana Priscilla aliumimina mtungi juu ya mkeka mbele ya watu wote, akaanza kuinua karatasi moja moja, akionesha huku na huku, akisoma jina kwa sauti. Mapenzi alitangulia mpaka kura ya mia. Kisha Mangi akamfikia, wakaenda sawa, akampita.

Mangi kura tisini na moja. Mapenzi themanini na nne. Kiponda ishirini na saba. Mbili zimeharibika.

Kamaria alisikia uchungu kana kwamba ni yeye aliyeshindwa. Aliwahesabu wote waliokuwa wamefuata nyayo za Mapenzi tangu siku ya kufuli, na hakuelewa ilikuwaje. Halafu akaelewa. Watu walikuwa wamemshukuru Mapenzi kwa moyo wote, kisha wakamchagua mtu anayejua kushuka kisimani.

"Ninaomba kura zihesabiwe tena," Mapenzi akasema.

"Ni haki yako," Priscilla akajibu.

Zikahesabiwa tena, safari hii Mapenzi akiwa amechuchumaa kando ya mkeka, akisoma kila karatasi mwenyewe, akigeuza na kutazama mgongo wake. Ilichukua saa nzima. Tisini na moja, themanini na nne, ishirini na saba, mbili. Zile mbili alizitazama kwa muda mrefu, kisha akazirudisha.

Akainuka, akajipangusa magoti. Macho yalikuwa yamemwiva, lakini sauti yake ilifika mpaka nyuma ya uwanja.

"Ni sawa. Zimehesabiwa sawa. Nimeziona zote kwa macho yangu." Akamgeukia Mangi. "Mwenyekiti, hongera. Kesho saa ngapi unafungua?"

"Saa kumi na mbili asubuhi," Mangi akasema, mwenyewe akionekana kama hajaamini. "Na jioni saa kumi."

Na kesho yake asubuhi maji yalifunguliwa saa kumi na mbili, mitungi ikajipanga hadi barabarani, na shughuli za siku zikaendelea.

Jumatatu Mapenzi alifika darasani mapema, akaandika bila kuinua kichwa kwa muda wa saa nzima. Alipomaliza alimpa mwalimu asome. Ilikuwa barua kwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Alikuwa akiomba, kwa mujibu wa sheria, kumbukumbu za kila mkutano wa kamati zibandikwe ukutani pa kioski ndani ya siku saba baada ya mkutano, na pampu ikifunguliwa iandikwe nani amefungua na kwa nini.

"Mangi anakaa hatua mia mbili kutoka kwako," Kamaria akasema. "Kwa nini usimwambie tu?"

"Nitamwambia. Lakini nikimwambia tu, atanisahau. Hii hatoisahau." Akaichukua barua, akaisoma tena, akaongeza nukta mahali fulani. "Na kama ningeshinda mimi, mwalimu, ningetaka mtu aniandikie vivyo hivyo. Najijua."

Alimpelekea jioni hiyo hiyo. Mangi hakuwa na muhuri, kwa hiyo alitia sahihi kwenye nakala, na pembeni pakabaki alama ya dole gumba la grisi. Kamati ilikutana mara ya kwanza Alhamisi, ikazungumza kwa saa mbili juu ya pampu na zamu za kufungua, ikaamua mambo manne, na hakuna aliyeandika lolote.

Ijumaa alasiri, somo likiwa limekwisha anza, mtu alisimama mlangoni. Alikuwa Mangi, amenawa mikono hadi viwiko, ameshika daftari jipya ambalo bado lilikuwa na bei yake juu.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba. Karibu, mwenyekiti."

Mangi akakwaruza shingo. "Mimi niliacha shule darasa la nne," akasema. "Hizi kumbukumbu za mkutano zinaandikwaje?"

Darasa likamgeukia Mapenzi kwa pamoja. Mapenzi, amekunja mikono, alimtazama mtu huyo kutoka kichwani hadi miguuni. Kisha akasogea upande mmoja wa dawati lake, akapangusa mahali pa kukaa kwa ncha ya leso.

"Kwanza unaandika tarehe," akasema. "Halafu waliohudhuria. Waliohudhuria kweli."